Anajua Kwamba Alikuwepo, Ila Hakumbuki: Kifafa cha Utotoni na Kumbukumbu za Maisha

Mtoto mwenye kifafa akiwa msahaulifu, watu wazima waliomzunguka hugawanyika pande mbili. Wa kwanza husema ugonjwa umeshamharibu akili, basi asisumbuliwe na masomo. Wa pili humtazama kwa shaka: mbona jedwali la kuzidisha analijua lote, mbona miji mikuu ya nchi anaitaja bila kukosea, lakini ukimwuliza habari za safari ya mwezi uliopita anakutolea macho tu? Huyu anakumbuka anachotaka.

Pande zote mbili zinakosea, tena kwa sababu ileile. Zinachukulia kumbukumbu kuwa kitu kimoja, ambacho mtu ama anacho ama hana. Kumbe ubongo una kumbukumbu za aina kadhaa, na aina moja inaweza kudhoofika huku nyingine zikibaki imara. Mtoto anayeshika masomo na kupotewa na safari hajifanyi, wala hajapungukiwa akili. Kilichoguswa ni kumbukumbu ya mambo yaliyompata yeye mwenyewe.

Kwanza, kifafa chenyewe

Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo sana, kila kundi kwa wakati wake. Kundi kubwa likiwaka lote kwa pamoja bila mpangilio, mtu hupata mshtuko. Kifafa ni hali ya ubongo kuwa na mwelekeo wa kurudiwa na mishtuko hiyo bila kuchochewa na jambo la papo hapo, mfano homa au kushuka kwa sukari mwilini. Kwa kawaida madaktari hulitumia jina hilo mtu akishapata angalau mishtuko miwili ya namna hiyo, iliyopishana kwa zaidi ya saa 24, au mmoja tu ikiwa vipimo vinaonyesha uwezekano mkubwa wa kurudi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 wanaishi na kifafa, na kwamba hadi asilimia 70 yao wangeweza kukaa bila mishtuko wakipata matibabu yanayofaa.

Degedege ya homa isichanganywe na kifafa. Huwapata zaidi watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 homa inapopanda. Ile fupi, isiyojirudia siku hiyohiyo, haihesabiwi kuwa kifafa, na watoto walioipata hukua na kumbukumbu sawa na wenzao. Degedege inayodumu nusu saa au zaidi ni habari nyingine. Vivyo hivyo ile inayoletwa na ugonjwa uliofika kwenye ubongo wenyewe, kama homa ya uti wa mgongo au malaria kali. Hiyo inaweza kuacha jeraha, na baadhi ya watoto hao huja kupata kifafa baadaye.

Tena si kila mshtuko ni kuanguka na kutoa povu. Kuna mtoto anayezubaa ghafla katikati ya sentensi, macho yametulia, kope zinapepesa kidogo, kisha baada ya sekunde 5 hadi 15 anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Hali hiyo inaweza kumjia mara kadhaa au hata makumi kwa siku moja, na mwalimu akaandika kwenye ripoti kwamba mwanafunzi hana usikivu. Mwingine hutafunatafuna midomo, hupapasa nguo zake, huitwa asiitike. Huo nao ni mshtuko, na hii aina ya mwisho ndiyo inayohusika mno na mada yetu, kwa kuwa mara nyingi huanzia sehemu ya ubongo iliyo usawa wa masikio. Kumbukumbu za matukio zinatengenezwa hapohapo.

Kujua si kukumbuka

Mwaka 1972 mwanasaikolojia Endel Tulving alipendekeza mgawanyo ambao hadi leo ndio msingi wa somo hili. Kuna kumbukumbu ya maarifa: kwamba maji huchemka, kwamba dada yako mkubwa anaitwa nani, kwamba ulizaliwa mji fulani. Na kuna kumbukumbu ya matukio: siku ile, mahali pale, ulikuwa na nani, ulijisikiaje, nani alisema nini kabla mvua haijaanza. Ya kwanza unaijua tu, hata kama huna habari uliipata lini. Ya pili unairudia, kwa sekunde chache uko kulekule.

Habari za maisha ya mtu zimechanganya zote mbili. Mtu anaweza kujua kwamba aliwahi kulazwa hospitalini akiwa na miaka saba, kwa sababu ameambiwa mara nyingi na kovu analo, bila kukumbuka hata dakika moja ya siku hizo. Ukimsikiliza haraka huwezi kutambua tofauti. Atasema "nililazwa" kwa uhakika uleule wa anayekumbuka. Ila ukimwuliza kitanda kilikuwa upande gani wa dirisha, au aliogopa nini, anaishiwa maneno.

Hapo ndipo watoto wengi wenye kifafa wanaposhindwa. Watafiti wa Australia waliwaomba watoto wenye kifafa kinachoanzia usawa wa masikio wasimulie matukio ya maisha yao, wakalinganisha masimulizi hayo na ya watoto wa umri wao wasio na kifafa. Habari za jumla juu ya maisha yao walikuwa nazo. Walichopungukiwa ni undani wa tukio moja moja: mahali, wakati, sauti, mawazo, hisia.

Uzi na shanga

Ndani kabisa ya ubongo, pande zote mbili, kuna kiungo kidogo kilichopinda kinachoitwa hipokampasi. Wengi hudhani ni ghala la kumbukumbu. Sivyo. Sura za watu ulizoziona zimehifadhiwa sehemu moja ya ubongo, sauti sehemu nyingine, harufu kwingine, woga na furaha kwingine. Hizo ni shanga zilizotawanyika. Hipokampasi ni uzi: inazipitia zote na kuzishikanisha ziwe tukio moja, ili baadaye ukigusa ushanga mmoja, labda harufu tu, mkufu mzima uinuke. Uzi ukiwa dhaifu, shanga bado zipo lakini haziji pamoja.

Haya tuliyafahamu kwa gharama kubwa ya mtu mmoja. Henry Molaison, Mmarekani, alianza kupata mishtuko midogo akiwa mtoto wa takriban miaka 10, na mikubwa alipobalehe. Mwaka 1953, akiwa na miaka 27 na dawa zimeshindwa, daktari William Scoville alimfanyia upasuaji na kuondoa sehemu kubwa ya hipokampasi zote mbili. Mishtuko ilipungua. Lakini tangu siku hiyo hadi alipofariki mwaka 2008, Molaison hakuweza kutengeneza kumbukumbu mpya ya tukio lolote. Aliyezungumza naye akitoka nje na kurudi alikuwa mgeni upya. Mwanasaikolojia Brenda Milner alipomfundisha kuchora nyota kwa kutazama kwenye kioo, mkono wake uliboreka siku hadi siku, ingawa kila siku aliapa hajawahi kuifanya kazi hiyo. Hata alipoombwa aeleze tukio moja mahususi la utotoni mwake, la kabla ya upasuaji, mengi yalimtoka kama habari za jumla tu. Upasuaji wa aina hiyo, wa kuondoa pande zote mbili, haufanywi tena.

Molaison alikuwa mtu mzima. Je, hipokampasi ikidhurika kabla mtoto hajasoma lolote? Ungetarajia asijifunze kitu maishani. Mwaka 1997, huko London, Faraneh Vargha-Khadem na wenzake walieleza habari za vijana watatu waliodhurika hipokampasi pande zote mbili wakiwa wadogo. Walikuwa wamesoma shule za kawaida, wakazungumza, wakasoma na kuandika, wakawa na maarifa ya dunia yasiyo mbali na ya wenzao. Lakini jioni hawakuweza kueleza mchana ulipitaje, miadi waliisahau, na njia waliyopita juzi ilikuwa mpya. Hawakuwa wagonjwa wa kifafa cha kawaida, na jeraha lao lilikuwa kubwa kuliko la watoto wengi wenye kifafa. Hata hivyo kisa chao kinajibu moja kwa moja lile swali la "mbona jedwali la kuzidisha analijua". Analijua kwa sababu maarifa yanayorudiwarudiwa yana njia nyingine za kuingia. Tukio la maisha hutokea mara moja tu, na halina marudio.

Kifafa kinaingiaje hapo

Njia iliyo wazi ni mshtuko wenyewe. Wakati fahamu zimekatika hakuna kinachorekodiwa, na mara nyingi dakika zinazofuata nazo hupotea kwa kuwa mtoto yuko katika bumbuazi. Aliyeanguka katikati ya sherehe anaweza kupoteza pia kilichotangulia kidogo kabla ya kuanguka. Kwa yule anayezubaa mara nyingi kwa siku, siku yenyewe inamfikia ikiwa na matundu, na masimulizi yake yatakuwa na matundu hayohayo.

Jambo ambalo familia nyingi hazijaambiwa ni kinachoendelea mtoto akiwa salama kabisa, hasa usiku. Tunapolala usingizi mzito, hipokampasi hurudia matukio ya mchana kwa kasi na kuyakabidhi kwa sehemu za ubongo zitakazoyatunza kwa muda mrefu. Katika kifafa, ubongo unaweza kutoa cheche fupi za umeme usio wa kawaida hata pasipo mshtuko wowote kuonekana, na kwa watoto wengi cheche hizo huongezeka usingizini. Zinavuruga makabidhiano hayo. Kipimo cha umeme wa ubongo kilichofanywa mchana, mtoto akiwa macho, kinaweza kuzikosa kabisa.

Matokeo yake ni usahaulifu unaowachanganya hata wataalamu. Kipimo cha kawaida cha kumbukumbu humsomea mtoto hadithi, kisha baada ya nusu saa anaulizwa. Baadhi ya watoto wenye kifafa hujibu vizuri kabisa, na familia inaambiwa kumbukumbu haina tatizo. Waulize hadithi ileile baada ya wiki moja: wenzao bado wanayo sehemu kubwa, wao imeyeyuka. Kusahau huku kwa kasi kumethibitishwa kwa watoto na kwa watu wazima. Ndiyo maana mama anayesema "Jumatatu alinisimulia vizuri, Jumatatu ya pili hana hata neno" anastahili kuaminiwa kuliko karatasi ya majibu iliyosema kila kitu kiko sawa.

Kuna pia kovu. Kwa baadhi ya wagonjwa MRI, yaani picha ya ndani ya ubongo inayopigwa kwa sumaku, huonyesha hipokampasi iliyosinyaa na kukakamaa upande mmoja. Kama kovu ndilo lililoleta kifafa au kifafa ndicho kilicholeta kovu, jibu hutofautiana kwa mtu na mtu, na kwa wengine yote mawili yanasaidiana. Lakini usitegemee kovu ndio uamini tatizo; wapo watoto ambao picha yao ni safi na bado undani wa matukio unawaponyoka, wakiwemo wenye kifafa kinachohusisha ubongo mzima.

Dawa nazo zina sehemu yake, ingawa si kubwa kama inavyosemwa mitaani. Fenobabitoni huweza kumfanya mtoto asinzie au ahangaike. Topirameti huwafanya baadhi watafute maneno. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2010 uliwahusisha watoto zaidi ya 400 wenye kifafa cha kuzubaa, ukaonyesha kwamba ethosuksimidi na valproeti zilidhibiti mishtuko kwa kiwango kinachokaribiana, lakini waliotumia valproeti walikuwa na matatizo mengi zaidi ya usikivu. Na kisichosikilizwa hakikumbukwi. Kwa hiyo kumwuliza daktari kuhusu aina na kipimo cha dawa ni haki ya mzazi. Kumwachisha mtoto dawa ghafla ili "akili ifunguke" ni hatari ya kweli: kunaweza kuleta mshtuko usiokatika, ambao huua au kuuumiza ubongo kuliko kidonge chochote.

Sababu ya mwisho haina uhusiano na umeme. Mtoto asiyeruhusiwa kuogelea, kulala kwa ndugu, kwenda safari za shule wala kucheza nje ana matukio machache ya kukumbuka, na siku zake zinafanana. Tahadhari ya maji, moto na urefu ni ya lazima. Ila nadhani familia nyingi hupitiliza, kisha hushangaa kwamba mtoto hana cha kusimulia.

Kwa nini tatizo huchelewa kuonekana

Hakuna mtu anayekumbuka vizuri maisha yake ya kabla ya miaka mitatu hivi, awe na kifafa au asiwe nacho. Uwezo wa kusimulia tukio kwa undani hujengeka taratibu, na huendelea kukua hadi ujanani. Mtoto wa miaka sita husimulia kwa kurukaruka, kwa hiyo akiwa na kifafa hatofautiani sana na jirani yake. Miaka inavyokwenda, jirani anaongeza undani na yeye habadiliki sana. Pengo linaonekana katika miaka ya ujana, na mzazi anahisi mtoto anarudi nyuma. Mara nyingi harudi nyuma: wenzake ndio waliosonga mbele.

Ni umri mbaya kwa pengo hilo kujitokeza. Kijana hujenga picha ya yeye ni nani kutokana na yaliyompata, na urafiki wa umri huo unaendeshwa na "unakumbuka siku ile". Anayecheka bila kukumbuka anajua kwamba anaigiza. Kumbukumbu za matukio ndizo tunazozitumia pia kuwazia ya kesho, kwani ubongo hukopa vipande vya jana ili kuunda picha ya jambo ambalo bado. Kijana ambaye hana mipango huenda si mvivu.

Yanayosemwa na yasiyo kweli

"Anadanganya." Mtoto aliyeulizwa mara tatu kuhusu jambo asilolikumbuka hujaza mapengo kwa kilicho cha kawaida kutokea. Akisema mjomba alikuja wakati hakuja, huenda amechukua ziara nyingine. Watu wote hufanya hivyo kwa kiasi fulani, yeye analazimika kufanya zaidi.

"Kumbukumbu zote zimo, zimefichika tu." Imani hii ilipata nguvu kutokana na kazi ya Wilder Penfield, daktari mpasuaji wa ubongo huko Montreal, Kanada, aliyekuwa akigusa kwa umeme ubongo wa wagonjwa wa kifafa wakiwa macho wakati wa upasuaji. Baadhi walisikia muziki au kuona tukio, na watu wakahitimisha kwamba ubongo hurekodi kila kitu. Waliopata hali hiyo walikuwa wachache, na mengi waliyoyaona yalifanana na ndoto kuliko tukio halisi. Tukio ambalo halikuunganishwa tangu mwanzo halimo popote, na kumbana mtoto hakutalitoa.

"Mwonyeshe picha, atakumbuka." Picha husaidia, lakini huweza pia kumfundisha tu kwamba alikuwepo. Baada ya kuiona mara nyingi anaisimulia picha, haisimulii siku.

Na kwa wale ambao bado wanalisema: kifafa hakiambukizi, si kwa mate wala kwa kumgusa aliyeanguka. Wala si watoto wote wenye kifafa hupata tatizo la kumbukumbu. Wengi hudhibitiwa mishtuko mapema wakaendelea vizuri.

Kinachosaidia

La kwanza ni kuidhibiti mishtuko. Dawa mbili zinazofaa, zilizotumiwa ipasavyo, zikishindwa, kifafa hicho huitwa sugu, na hapo mtoto anastahili kupelekwa kituo kinachoweza kuchunguza kama upasuaji wa upande mmoja unamfaa. Kabla ya upasuaji huo kumbukumbu hupimwa kwa makini, kwa sababu faida na hasara hutegemea upande unaofanya kazi zaidi.

Nyumbani, mazungumzo yana nguvu kuliko wanavyodhani wengi. Tafiti juu ya wazazi na watoto, nyingi zikiwa za watoto wasio na kifafa, zinaonyesha kwamba mzazi anayeuliza maswali ya wazi na kuongeza undani humjengea mtoto masimulizi yenye undani. "Unakumbuka kule tulikokwenda?" hujibiwa ndiyo au hapana. "Tulipofika tu, ulisikia nini? Mimi nilishtushwa na kelele za wale bata" humpa mahali pa kushika. Mazungumzo hayo yafanyike jioni ileile, yarudiwe baada ya siku mbili, kisha baada ya wiki, kwa kuwa kwa watoto hawa wiki ya kwanza ndiyo inayovuja. Shajara fupi au sauti iliyorekodiwa na mtoto mwenyewe siku ya tukio inafaa kuliko picha, kwa sababu imebeba maneno yake na hisia zake. Usingizi wa kutosha, bila simu kitandani, unasaidia pande mbili kwa pamoja: kukosa usingizi huchochea mishtuko na huvuruga kumbukumbu.

Shuleni, mtoto huyu asipewe insha ya "siku nisiyoisahau" akaadhibiwa kwa kutoa mistari minne. Aruhusiwe kuandika tukio la jana, au atumie shajara yake.

Na kliniki, daktari akiuliza kumbukumbu ikoje, jibu la "mbaya" halimpi pa kuanzia. Mweleze mfano: alihudhuria nini, siku ileile alisimulia nini, wiki iliyofuata alibaki na nini, alilalaje katikati. Uliza kama kipimo cha umeme wa ubongo kinaweza kufanywa akiwa usingizini. Na kama atapimwa kumbukumbu, omba aulizwe tena ile hadithi baada ya siku saba, hata kwa simu.